Hodi ya Nne Rayners Lane

Haya nitakayokusimulia yalitokea. Najua kila mwenye kisa cha namna hii huanza kwa kuapa, na ningekuwa wewe ningekuwa nimeshakunja uso. Ndiyo tabia yangu. Utotoni kwetu Voi nilitolewa nje ya darasa la dini kwa kumuuliza mwalimu ni nani aliyekaa karibu na malaika akahesabu mabawa yake. Chuo kikuu Nairobi nilisoma jiografia kwa sababu mlima una kimo, mto una urefu, na mtu akibisha anakwenda kupima mwenyewe. Kwa hiyo siapi. Nakuambia tu kwamba nilikuwepo, nimesimama kwenye zulia na soksi miguuni, sina homa, sijaonja pombe, na haikuwa hata saa kumi na moja ya jioni.

Ilikuwa miaka ile Wahindi wa Afrika Mashariki walipokuwa wakiingia Uingereza kwa wingi, wengine kutoka Kenya kwa kuona milango ya kazi inafungwa, wengine baadaye kutoka Uganda kwa kufukuzwa. Mimi nilikuwa London kwa masomo, na nusu ya siku nilifanya kazi. Nilipanga chumba cha juu Rayners Lane, katika nyumba ya mzee aliyeitwa Hirji. Huyu alikuwa mchora ramani wa serikali ya kikoloni Kenya tangu ujana wake mpaka alipostaafu. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha wenzangu wengi wa chuo, kwani alijifunza kambini kwa wapagazi, si nyuma ya kaunta ya duka. Aliniita Profesa, kwa kunidhihaki.

"Profesa, umekula? Au bado unafanya utafiti kama chakula kipo?"

Mkewe, ambaye sote tulimwita Mama, aliucheka mzaha huo kila jioni kana kwamba ni mpya.

Nyumba ile ilikuwa na amri moja ya ajabu. Anayekuja abonyeze kengele. Mtu akiita mlangoni kwa Kiswahili asijibiwe kabisa, hasa kwa lile neno karibu ambalo wewe na mimi tunalitoa kabla hatujafikiri. Nikamuuliza mzee ni nani atakayepiga hodi Rayners Lane, muuza maziwa? Mama akacheka. Mzee hakucheka. Nikajisemea huyu ni mmoja wa wale wanaoona haya kwamba walitoka Afrika, na nikaliacha hapo.

Kazi yangu ilikuwa Harrow, katika ofisi ndogo iliyochora upya ramani za zamani za makoloni. Mimi niliajiriwa kwa sababu ya majina. Kazi yenyewe ilikwenda hivi: mmoja anasoma jina kwa sauti kutoka ramani ya zamani, mwingine analitafuta kwenye mchoro mpya, analigusa kwa penseli na kulirudia. Aliyesoma alikuwa msimamizi wangu, Mwingereza mpole ambaye sweta yake haikukosa vumbi la kifutio. Aliyerudia, kwa matamshi yanayoeleweka, ni mimi.

Siku moja tulikuwa na karatasi ya mlima mmoja wa kwetu ambao sitautaja. Chini palikuwa na rizavu, yaani ardhi ambayo wakoloni waliwatengea wenyeji. Juu yake, mpaka karibu na kilele, ulikuwa msitu wa serikali: rangi ya kijani na mistari ya kimo iliyobanana, hakuna kijiji, hakuna njia, hakuna kitu. Ila katikati ya kijani hicho, kwenye kona ya kijito, mbali na mpaka wa rizavu, palikuwa na neno moja.

"Hodi," msimamizi akasoma, kama mtu anayemwita mbwa.

Nilicheka mpaka nikashindwa kushika penseli. Unajua mambo hayo. Mzungu anauliza hapa panaitwaje, kiongozi wa njia anasema jambo lake jingine kabisa, mzungu anaandika, na miaka hamsini mlima unaitwa Sielewi. Nilimweleza msimamizi maana ya neno lile, naye akatabasamu, akaliwekea alama ya kuulizia. Jioni nikalipeleka nyumbani kama zawadi kwa Mzee Hirji, nikijua atalifurahia.

Mama alicheka. Mzee aliweka kikombe chini, akauliza kijito kinapinda kuelekea wapi. Nikamwonyesha kwa kidole kwenye kitambaa cha meza.

"Niliandika mimi," akasema.

Aliyoyasimulia usiku ule nitakupa kwa ufupi, kwa sababu yeye mwenyewe aliyasimulia kwa ufupi, akitazama hita ya mafuta ya taa badala ya kunitazama mimi. Alikuwa kijana, mchoraji chini ya mpimaji mmoja wa Kizungu. Kiongozi wao wa njia alikuwa mrina asali wa msituni humo. Kambini walimwita Asali, na Mzee Hirji hakupata kujua jina lake la kweli. Asubuhi moja Asali aliwapandisha kufuata kijito mpaka kwenye kona ile, akasimama mbele ya mianzi iliyosongamana, akaita: Hodi. Watu wake walikuwa na mwito wao wenyewe, kwa lugha yao. Hodi lilikuwa neno la kambini, na alilitumia kwa makusudi, ili waliomo ndani wajue kwamba leo hakuja peke yake. Sauti ya mwanamke ikajibu: Karibu. Alikuwa mke wake. Asali alikuwa amepiga hodi kwake mwenyewe.

Nyuma ya mianzi palikuwa na nyumba, majiko yanayofuka moshi, mizinga juu ya miti, watoto wamejificha. Mpimaji akatazama, akasema msitu ni msitu na watu mahali pao ni chini kwenye rizavu, na kwamba karatasi hii haitakuwa na nyumba hata moja. Hirji hakubisha. Lakini mzungu alipouliza mahali penyewe panaitwaje, yeye akamjibu Hodi, na akaliandika kwa wino. Mzungu hakujua Kiswahili. Ndilo jambo pekee, mzee aliniambia, ambalo mkono wake ulithubutu.

Miezi ikapita. Bwana misitu akaja na askari na ramani mkononi, akamkuta Hirji kambini, akamuuliza kama pale juu kuna nyumba.

"Nikamwambia hakuna nyumba," Mzee Hirji akasema. "Kwenye karatasi hakukuwa na nyumba, Profesa. Ningesema nini?"

Askari walipanda alfajiri wakachoma moto. Hawakupiga hodi. Wapige kwa nani? Mke wa Asali na mtoto aliyekuwa akimnyonyesha hawakutoka. Usiku uliofuata Asali alifika kwenye hema la Hirji, akasimama nje, akapiga hodi tatu, kwa upole, kama mgeni yeyote. Hirji alilala ndani amebana pumzi. Hodi tatu zisipojibiwa mgeni huenda zake, na Asali akaenda zake. Siku chache baadaye wapagazi walimkuta kwenye kona ya kijito amekufa. Walisema ni baridi, ingawa alizaliwa ndani ya baridi ile ile.

Tangu hapo alikuwa akija. Nairobi alikuja, Harrow walikopanga kwanza alikuja, na hapa pia. Hodi tatu, kisha anaondoka.

"Ni mtu wa adabu," mzee akasema. "Hajakaribishwa, haingii."

"Na akikaribishwa?"

"Ataingia aitazame nyumba yangu." Akafunga vifungo vya koti lake, ingawa chumba kilikuwa na joto. "Ni hilo tu ninaloliogopa."

Unadhani niliamini? Nilimuuliza marehemu alipata wapi pasipoti, na kama alisimama foleni uwanja wa ndege pamoja na sisi wengine. Nilimweleza habari za dhamiri na jinsi masikio ya wazee yanavyodanganya. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza taarifa ya hali ya hewa ya nchi nyingine. Kisha akaniomba jambo moja. Ramani ilikuwa inachorwa upya, nami nilikuwa mle ofisini. Je, haingewezekana kutia vile vijimraba vyeusi vya nyumba mahali pale? Viwili vitatu tu. Alifikiri Asali akiona nyumba yake imeandikwa angeacha kuitafuta mlangoni kwake.

Siku kadhaa baadaye nikamsikia kwa masikio yangu. Novemba ya London, ukungu, giza limeingia alasiri. Nilikuwa juu, nasoma. Chini mlangoni sauti ya mwanamume, ya utulivu, yenye lafudhi ya bara, ikasema hodi. Ikangoja. Ikasema tena. Ikangoja. Ikasema mara ya tatu. Nilifungua dirisha nikachungulia: taa ya barabara, ua uliokatwa vizuri, kizingiti kitupu. Nikajiambia ni redio ya jirani. Redio gani ya Kiingereza inayopiga hodi? Hilo sikujiuliza, mimi niliyeuliza kila kitu. Lakini kesho yake nililipeleka ombi la mzee kwa msimamizi.

Msimamizi hakuwa mtu mbaya, nataka ulijue hilo. Alileta picha mpya zilizopigwa kutoka ndegeni, akanipa miwani ya kuzitazamia. Kona ya kijito ilikuwa na misonobari iliyopandwa kwa mistari. Akasema ramani huonyesha kilichopo. Nami nililelewa na kanuni hiyo hiyo, nijibu nini? Nikajaribu njia nyingine. Nikamwambia basi lile neno lisiguswe. Hakuna mtu duniani anayepiga hodi mahali pasipo na mtu. Neno lile peke yake ni ushahidi, ndiyo nyumba iliyobaki.

Alifikiri sana. Mwishowe akasema kwamba kwa maelezo yangu mwenyewe hilo si jina la mahali, ni salamu, na ramani haiandiki salamu. Nilibisha mpaka watu wa meza nyingine wakageuka. Akachukua wembe, akalikwaruza neno lile taratibu kwenye mchoro, akapuliza vumbi la wino. Pakabaki kijani.

Nilitoka mapema siku hiyo, kwa hasira, nikapanda treni kurudi Rayners Lane.

Sasa nikutajie mtu mmoja zaidi. Nyumbani alikuwepo dada yake Mama, aliyefika siku chache tu kabla. Alitolewa Kampala pamoja na wengine, akapokewa kwenye kambi ya zamani ya jeshi, na kutoka huko akaletwa kwetu na sanduku moja na koti la kupewa lililomfika vifundoni. Kwa lugha yao dada wa mama huitwa Masi, ndiyo kusema mama mdogo, nami nikamwita hivyo hivyo. Hakuwa akizungumza sana. Mama alimweleza juu juu habari ya kengele, naye akaitikia kwa kichwa, kama alivyoitikia kila alichoambiwa tangu alipofika nchi ile.

Nilivua viatu mlangoni. Masi alikuwa jikoni anasukuma chapati, Mama amekwenda dukani. Mzee Hirji alikuwa kwenye kiti chake chumba cha mbele, blanketi magotini. Nilisimama kwenye zulia la ukumbini, mlango wa chumba hicho ukiwa wazi, natafuta maneno ya kumweleza habari za wembe.

"Hodi."

Mzee akanyanyua kidole kimoja: kimya. Mlango wa nje ulikuwa nyuma yangu, karibu kiasi cha kuugusa.

"Hodi."

Jikoni mti wa kusukumia chapati ulikuwa ukigonga kibao.

"Hodi."

Ikapita kitambo. Mzee akaanza kukishusha kidole na kuachia pumzi, kama mtu aliyezoea. Mimi pia niliachia yangu. Na hapo, niamini, ikaja ya nne.

"Hodi."

Sijapata kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Alinitazama, na nilijua anauliza nini: wamefanya nini kwenye ramani? Sikupata nafasi ya kujibu. Mti wa chapati ulikuwa umenyamaza. Mwanamke aliyetolewa kwake, ambaye tangu afike mlango ulikuwa umezungumza naye kwa kengele tu, alikuwa amesikia neno la nyumbani. Sauti yake ilitoka jikoni ikiwa na furaha ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake.

"Karibu! Nani iko hapo? Karibu ndani!"

Mlango haukufunguka. Nilikuwa nimeuegemea, haukufunguka. Lakini kwenye ukumbi, kati yangu na mzee, alisimama mwanamume mfupi, mwembamba, amevaa koti kuukuu la kaki kama wapagazi wa zamani. Maji yalimchuruzika kwenye ncha za koti. Alinukia moshi na asali, harufu ile ya mzinga uliofukizwa. Sikuona mwanga, sikusikia ngurumo. Alikuwa mtu tu, kama wewe.

Masi akatokea jikoni, mikono imejaa unga, akamwambia karibu chai. Yule mtu akamgeukia, akainamisha kichwa.

"Asante, mama. Pole. Na wewe wamekutoa kwako."

Machozi yakaanza kumtoka Masi. Kisha yule mtu akaingia chumba cha mbele. Hakuwa na haraka. Alitazama dari. Alitazama ukuta wa dirishani, na ule wenye picha za miungu yao, na ule wa kabati la vyombo, mmoja mmoja, kama mpimaji anavyotazama mahali kabla hajaandika. Mzee Hirji alikuwa ameng'ang'ania mikono ya kiti.

"Asali," akasema. "Bwana Asali, nisamehe."

"Hakuna nyumba," yule mtu akasema.

Alilisema bila chuki, kama mtu anayesoma kilichoandikwa. Nilipopepesa macho hakuwepo. Zulia lilikuwa na maji. Niligusa, nikanusa, nikaonja hata, kwa sababu ndivyo nilivyo. Maji ya mto, baridi sana, yenye mchanga mwembamba mweusi. Mitaa ya Rayners Lane haina mchanga wa namna ile.

Mzee Hirji alinyanyuka, akakinga kichwa chake kwa viganja viwili kama mtu aliyekutwa na mvua njiani. Akatazama juu, mahali palipokuwa na dari.

"Profesa," akaniita. "Tumefikaje huku?"

Tangu saa ile hakuiona tena nyumba yake. Alituona sisi, alitujua kwa majina, alizungumza kwa akili timamu. Ila kuta hakuziona. Alijigonga kwenye milango mpaka paji la uso likawa jeusi. Mama alimshika mkono akauweka kwenye kitasa, naye akauliza kwa upole kwa nini anamshikisha tawi. Tulimwekea hita pande zote mbili za kitanda, bado akatetemeka na kutuuliza ni nani aliyeacha moto uzimike. Alifariki kabla majira ya baridi hayajaisha. Daktari aliandika moyo. Lakini mimi ndiye niliyemsaidia Mama kumvua koti, ndani ya chumba kikavu chenye madirisha yaliyofungwa, na koti lile tulilikamua likatoa maji.

Kuna mengine ambayo huenda ni bahati mbaya tu. Muuza maziwa alianza kuiruka nyumba yetu, na alipolalamikiwa alishangaa kwa dhati. Barua nilizoandikiwa kutoka Voi zilirudishwa huko huko kwa maelezo kwamba anwani haipo. Mama na Masi walihamia Harrow, na Masi hakuacha kumtaja mgeni yule. Alisema tangu atoke Kampala amehojiwa na watu wengi wenye kalamu, ila aliyempa pole alikuwa mmoja tu.

Ramani ilichapishwa. Ninayo. Kijani kizuri kabisa.

Nilirudi nyumbani, na kazi yangu mpaka leo ni kupima ardhi. Picha za ndegeni zikinionyesha miti mitupu, bado naenda kwa miguu mpaka ukingoni, nasimama, napiga hodi, nangoja. Vijana ninaofanya nao kazi hunicheka. Sijali. Mara mbili nimejibiwa, na mara zote mbili walikuwa watu hai, na nyumba zao nimezichora.

Lakini kwangu mimi siitiki. Mke wangu amechoka kuwaeleza wageni kwamba sina dharau. Nikisikia hodi nainuka, nafungua mlango, namtazama mtu usoni, ndipo nasema neno lile, karibu. Nawe fanya hivyo. Usilirushe kutoka jikoni mikono ikiwa na unga. Na zikipita hodi tatu ikaja ya nne, kumbuka haraka ni nani uliyewahi kumwambia hayupo, na umwombe radhi akiwa bado nje, kabla hajatazama kuta zako.